Zimwi Lililobisha Hodi

Sogeeni karibu, wenzangu, mnipe masikio.

Hapo kale mto ulifurika, ukawazuia wasafiri watatu wasiojuana. Shekue alimtelekeza nduguye shimoni. Kibibi alimsingizia jirani wizi hadi akafukuzwa mjini. Mashavu alimfungia nje mtoto wake wa kambo kwenye mvua, asimwone tena. Wakapata malazi katika nyumba ya wageni ya ajuza mmoja, wasijue kuwa ajuza yule ni zimwi.

Giza lilipoingia, mlango wa Shekue ukagongwa. “Kaka, nifungulie,” ilisema sauti ya nduguye. Shekue akaziba masikio. Mlango ukageuka ukuta, asionekane tena.

Ukagongwa mlango wa Kibibi. “Jirani, nifungulie.”

“Sikujui,” akajibu Kibibi. Naye akamezwa na ukuta.

Ukagongwa wa Mashavu. “Mama, nifungulie, nimelowa.”

Mashavu aliusogelea mlango. Alijua mtoto hawezi kuwa pale, na kwamba aliye nje ana meno. Lakini sauti ile aliwahi kuiacha ilie hadi ikanyamaza, na hakuweza kuiacha tena. Akafungua.

Zimwi lilisimama kizingitini, kinywa wazi. Mashavu akavua kanga yake, akalifunika mabega. “Ingia, mwanangu, uote moto.”

Zimwi likafumba kinywa. “Nimebisha hodi miaka mingi,” likasema. “Hakuna aliyewahi kunikaribisha.” Likaketi kando ya moto, likasinzia.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Mashavu hakuvuka. Aligeuka nyuma, akawa anabisha hodi mlango kwa mlango, akiulizia mtoto.

Kisa changu kinakomea hapo; kibaya niachieni, kizuri ondokeni nacho.