Stroberi za Mwanahoza

Hapo zamani, huko milimani Usambara, aliishi mjane aliyeitwa Mwanahoza. Wanawe watatu walikwenda mjini kutafuta kazi, wakapata sababu za kutorudi. Walimwachia wake zao: Mwajabu, Namweta na Hidaya.

Mwanahoza alikuwa na kishamba kimoja bondeni, chenye maji mwaka mzima. Mashamba mengine yote yalikuwa mawe.

"Atakayenipatia stroberi, kishamba ni chake," aliwaambia wakwe zake. "Waliobaki watalima mawe."

Namweta akapanda miche, lakini haikuzaa. Mwanahoza alitaka shamba liwe safi kama uwanja uliofagiwa, basi kila jani lililopanuka liling'olewa.

"Majirani watasema nyumba hii haina wanawake," alisema.

Zamu ya Mwajabu ya kusafisha shamba ilipofika, hakung'oa hata jani moja. Alisema mgongo unamuuma, akalala. Majani yakaota jua yakatengeneza chakula, chakula kikashuka, na mizizi ikajaa wanga kama ghala la mtu mchoyo.

Mwanahoza alipoyaona majani yale, hasira zake zikamwangukia Namweta aliyekuwa karibu. Namweta naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Aling'oa miche yote na udongo wake, akaitia kwenye matenga, akapanda nayo kwao kileleni.

"Nimeipanda mimi, inaondoka na mimi!"

Huko aliitupa nyuma ya jiko, akaisahau kipupwe kizima. Baridi ikailaza miche. Majani yakawa mekundu, lakini chakula kilichokuwa mizizini hakikuisha. Mwishowe mama yake Namweta alichoka kumlisha, akamrudisha kwa mumewe asiyekuwepo, pamoja na matenga yake.

Hidaya akaipokea miche, akaipanda bondeni kwenye joto. Iliamka ikachanua kuliko ilivyowahi kuonekana. Kisha baridi ikarudi ghafla, maua yakiwa wazi. Hidaya akatoa blanketi lake la harusi, akayafunika mpaka baridi ilipopita.

Stroberi zikaiva. Mwanahoza akaketi na bakuli, akawaita.

"Mama, kama ningeng'oa majani ulivyotaka, mizizi ingekuwa na nini cha kutoa maua?" alisema Mwajabu.

"Ulikuwa umelala, mwenzangu," Namweta alimkatiza. "Bila baridi ya kwetu, miche hii ingeota majani mpaka leo."

"Uliipeleka baridini au uliitupa?" aliuliza Hidaya. "Mimi peke yangu nilijua ninalofanya. Nilikitaka kishamba, nikakifanyia kazi."

"Kazi ya kutandika blanketi," alisema Mwajabu.

"Wewe hata lako hukulitandika," alijibu Hidaya.

Mwanahoza alimeza stroberi nyingine. "Mvivu, mkorofi na mwenye tamaa. Wanangu walijua kuchagua."

"Na aliyetaka majani yang'olewe, mama, tumwiteje?" aliuliza Namweta.

Mwanahoza akatia tena mkono bakulini. Bakuli lilikuwa linakaribia kwisha, na mvua za kupandia zilikuwa zimeshaanza kunyesha. Kishamba kile hakikugawanyika. Mfereji wake ulitosha jembe moja tu.

Sasa ninyi mnaosikiliza, jiwekeni mahali pa Mwanahoza. Je, nani alistahili kishamba: aliyeilisha miche kwa uvivu, aliyeilaza kwa hasira, au aliyeifunika kwa tamaa?