Homa Katika Boma la Mkwaya

Mtu mmoja alikuwa na watoto saba, na malaria ikamchukulia wanne. Aliitwa Mkwaya, mkulima wa mpunga katika bonde ambalo maji hayakauki mpaka mwezi wa saba. Siku zake zilipokaribia kwisha aliwaita watatu waliobaki, akawaambia hana wosia mwingine ila huu: ugonjwa uliowamaliza ndugu zao usikae tena katika boma lake. Hakuwaambia wafanye nini. Hakujua.

Watatu hao walikuwa watu wazima. Kasiani, mkubwa wao, alibaki bondeni akilima. Benadeta alikuwa muuguzi katika zahanati ya kijiji, na nyumba yake ilitazamana na ya Kasiani. Yustino alifanya kazi mjini, safari ya siku nzima kwa basi. Baada ya matanga walikaa wakagawana kazi. Kasiani atahakikisha kila kitanda kina chandarua na maji hayatuami kwenye mifereji ya mpunga. Benadeta atapima kila mwenye homa na kumpa dawa mpaka amalize. Yustino ataleta bomba na dawa ile ya kunyunyizia kuta, na watu wa kuinyunyiza kila mwaka kabla ya masika.

Kila mmoja akafanya. Mwaka wa kwanza homa zilipungua. Mwaka wa pili Benadeta alipima watu wa boma miezi kumi mfululizo asione hata mmoja mwenye malaria, naye alirudi nyumbani kila jioni akiwa hana utulivu, kama mtu aliyesahau kitu barabarani.

Pasaka ya mwaka huo Yustino alikuja na wageni kutoka mjini. Baada ya chakula alisimama, akawaonyesha zile kuta na kusema kwamba malaria katika boma lile ameifukuza yeye. Kasiani alikuwa bado ana tope la mifereji kwenye kucha. Aliondoka mezani bila kuaga. Benadeta alibaki, lakini alinyamaza, maana naye moyoni alikuwa akisema ni vipimo vyake. Tangu siku hiyo ndugu wale walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za shule na mvua. Habari ya kazi waliyogawana haikutajwa tena. Kuitaja kungekuwa kufungua lile la Pasaka.

Mwaka wa tatu Yustino aliona vyandarua vya Kasiani vinatosha, akalipeleka bomba kijijini kwa wakwe zake, ambako homa zilikuwa nyingi zaidi. Kasiani alijua kuta zina dawa ya mdogo wake, basi vyandarua vilipochanika hakutafuta vingine. Viwili alivizungushia bustani ya mchicha, kuku wasiingie. Benadeta, kwa kuwa hakuna aliyeumwa, alikubali vipimo vya zahanati yake vipelekwe zahanati ya ng'ambo ya mto iliyokuwa imeishiwa. Hakuna kati yao aliyefanya jambo baya. Hilo ndilo lililowatesa baadaye.

Masika yakaja na maji mengi. Kasiani alikuwa na binti wa miaka mitano, Fotunata, mtoto aliyependa kuimba akiwa anakula. Jumanne aliamka na homa. Mama yake, Leokadia, alidhani ni mafua, kwa sababu malaria ilikuwa imekwisha katika boma, kila mtu alisema hivyo. Akampa dawa ya maumivu. Jumatano mtoto akaomba uji, akaunywa, wakafurahi. Alhamisi asubuhi alianza kutetemeka mwili mzima na macho yakageuka.

Kasiani alimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati. Benadeta alimtazama mara moja akajua, lakini kabati la vipimo lilikuwa tupu na sindano ya malaria kali haikuwepo. Akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, akapanda na mtoto mapajani kwenda hospitali ya wilaya. Walipofika darajani Fotunata alikuwa ameacha kutetemeka. Benadeta alimwambia dereva aendelee, na dereva akaendelea, ingawa wote wawili walikuwa wanajua.

Yustino alifika siku ya maziko. Jioni yake ndugu watatu walikaa kibarazani kwa Kasiani, na kila mmoja akaanza kujieleza ingawa hakuna aliyemuuliza. Yustino alisema alijua vyandarua vipo. Kasiani alisema alijua kuta zimenyunyiziwa. Benadeta alisema alijua wenzake wote wawili wanafanya, na vipimo vingekaa bure. Walisema kweli tupu. Leokadia alikuwa ameleta maji ya kunywa. Aliweka kata chini, akawatazama mumewe, wifi yake na shemeji yake.

"Nimewasikia wote. Kila mmoja alikuwa anamtegemea mwenzake. Mbona hakuna aliyemuuliza mwenzake?"

Hakusema kwa hasira. Alitaka kweli kujua. Kisha akaokota kata, akaingia ndani.

Benadeta hakuweza kukaa matanga. Kesho yake aliinuka mkekani mbele ya waombolezaji, akaenda chumba kwa chumba nyumbani kwa kaka yake, akapitisha vidole katika kila tobo la kila chandarua. Watu walinong'ona kwamba amechanganyikiwa. Kisha akamfuata Yustino alipokuwa akijiandaa kuondoka, akamuuliza bomba liko wapi na litarudi siku gani. Yustino alikasirika, akasema huu si wakati wake. Benadeta akajibu kwamba wakati wake ulikuwa mwezi wa pili, nao umepita. Kisha akamvuta mkono mpaka zahanati, akamfungulia lile kabati tupu, akasema, "Na hili ni langu." Yustino alilifunga mwenyewe. Hakuondoka siku hiyo.

Wakakubaliana jambo moja tu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kazi yake, amwonyeshe, asimsimulie. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyunyiza kuta. Mara moja Kasiani nusura amfukuze dada yake shambani kwa kuinamia mfereji wake na kuchota viluwiluwi vya mbu kwa kikombe mbele ya vibarua. Mara moja Yustino alipiga simu akauliza idadi ya vipimo, na Benadeta akakata simu, kisha akapiga mwenyewe na kumjibu. Majirani walicheka kwanza. Baadaye wakaomba nao wakaguliwe, boma baada ya boma, hadi bonde zima likawa na Jumamosi zake.

Mwaka wa nne baada ya maziko, wakati wa mavuno, kibarua mmoja aliyetoka mkoa wa mbali alionekana akiota jua saa sita mchana amejifunika shuka. Leokadia alimshika paji la uso kabla hajamsalimu. Akapimwa saa ileile, akaonekana ana malaria, akapewa dawa mseto. Benadeta akawapima wote waliolala naye banda moja, Kasiani akabadili vyandarua vya banda, Yustino akatuma watu wa bomba siku ya tatu. Hakuna mwingine aliyeumwa. Ugonjwa uliingia bondeni ukakosa pa kukaa.

Na bado hawajatulia. Leokadia hushika paji la kila mtoto anayepita uani, wake na wasio wake, na wengine humkwepa kwa kuchoka kushikwa. Watu humwambia apumzike sasa, homa imekwisha. Yeye hujibu kwamba maneno hayo aliwahi kuyaamini siku tatu, tangu Jumanne hadi Alhamisi.

Wenzangu mliokuja kwenye mkutano huu wa malaria kutoka wizarani, mikoani, kwenye mashirika na hospitali, na ninyi wafadhili kutoka mbali, nchi hii ni boma kama lile, ila ni kubwa. Kazi mmegawana vizuri. Nimeona majedwali yenu na sina neno juu yake. Siwaulizi nani anafanya nini. Nawauliza, ni nani kati yenu yuko tayari kuulizwa?