Sururu ya Nangasu

"Chuma kilicholala motoni hakiamki kazini." Mmemsikia mjomba wenu akiisema, mkaja mbio kuniuliza chuma kinalalaje. Kwanza kitendawili: nikishiba sana, navunjika. Mmeshindwa? Jibu mtalipata njiani. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ugweno, milimani, palikuwa na mhunzi aitwaye Kirumbi. Moshi ulipommaliza macho, nyundo ikashikwa na bintiye, Nangasu. Watu wakanong'ona: mwanamke na uhunzi, wapi na wapi? Wazee wakakata shauri: afue sururu moja ya kuvunjia mwamba uliouziba mfereji wa maji. Akiweza, kiwanda ni chake. Asipoweza, nyundo inahamia kwa binamu yake, Senzota.

Nangasu akatia kipande cha springi ya lori kwenye makaa, akavuta mivukuto. Mara akafika Mzee Mbonea, mkuu wa mfereji. Na salamu za kwetu mnazijua: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za yule mbuzi aliyevunjika mguu. Kumpa mzee kisogo salamu hazijaisha ni kumtukana. Nangasu akaitikia zote, mkono ukivuta mivukuto, chuma kikaiva, kikapitiliza, kikawa cheupe kinarusha cheche. Mzee alipoondoka ndipo akakifua, akakizamisha majini. Kwa macho kilipendeza.

Mwambani, pigo la tatu, ncha ikaruka.

"Si nilisema!" Senzota akacheka. "Dada, rudi kwenye chungu."

Nangasu akaiokota ile ncha. Palipovunjika palimetameta punje kubwa kubwa, kama chumvi ya mawe. Akamwekea baba yake kiganjani, naye akapapasa kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hiki kimelala motoni. Chuma kikishiba moto mkali, punje zake hunenepa, na punje nene hazishikani."

"Nani alikilaza?" akauliza Mzee Mbonea.

Nangasu akajibu: "Mimi, mzee. Tulikuwa bado kwenye habari za mbuzi."

Watu wakaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote. "Haya, rudi ukakiamshe. Kesho sikusalimu!"

Kesho yake akafua ncha mpya kwenye chuma kile kile. Kisha akakipasha hadi kikawa chekundu kama buni mbivu, si zaidi, akakitoa, akakiacha kipoe chenyewe. Mara tatu. Akakizamisha, akavunja kipembe kidogo kukichungulia: punje laini kama unga wa ulezi! Mwishoni akakisogeza kando ya makaa, kipungue ugumu kisije kikakatika.

Siku hiyo mwamba ulipasuka. Maji yakapita yakinguruma, Senzota akijipangusa matope usoni.

"Binti yako kaweza," watu wakamwambia Kirumbi.

"Semeni mhunzi wenu kaweza," akawajibu.

Huyo Nangasu ndiye aliyenizaa mimi. Na tangu siku ile, kwetu hata mzee mwenye mvi akifika kiwandani husimama kimya, chuma kitolewe kwanza, ndipo asalimu. Maana hata jambo jema lina kiasi chake, wajukuu zangu. Chuma kilicholala motoni hakiamki kazini.