Kifurushi cha Binti Swala

Paukwa, nyie mnaosugua masufuria!

Pakawa, tumeyaacha yaloweke!

Basi palikuwa na shule ya bweni ya mabinti wa porini, na matroni wake alikuwa Fisi. Kila kifurushi kutoka nyumbani kilipitia kwake. Kikija cha karanga: kwapu, nyamu, kimekwisha. Kikija cha samaki: kwapu, nyamu, kimekwisha. Karatasi tupu alizitupa chini ya vitanda vya mabinti, kisha akapita akinong'ona kwamba wanaletewa zawadi na wanaume kupitia uzio.

Kashfa ikaenea pori zima. Mabinti waliokuwa ndiyo kwanza wamevunja ungo wakaogopa hata kucheka. Karatasi moja ikaokotwa chini ya kitanda cha Swala wa kidato cha nne, msichana mpole aliyebakiza wiki mbili afanye mtihani. Fisi akatangaza kwamba Jumamosi, mbele ya wazazi, Swala atafukuzwa. Swala akalia mpaka mto ukalowa.

Sasa palikuwa na Pimbi wa kidato cha kwanza, mfupi kuliko ndoo yake ya kuogea. Huyo mtoto nampenda, siwafichi.

"Dada Swala, nyamaza," akamwambia. "Kesho utapata kifurushi."

Pimbi akaomba nyama kavu kwa shangazi yake, akaandika barua, akaifunga kwa gundi, shangazi akavipeleka getini kwa jina la Swala. Swala na nyama wapi na wapi? Fisi hakujiuliza. Kwapu, nyamu, imekwisha. Barua akaiweka bila kuifungua, maana desturi yake ilikuwa kuzisoma barua za watu mstarini, ili aibu iwe kubwa.

Jumamosi wazazi wakajaa, Mwalimu Mkuu Tembo mbele. Fisi akaipasua barua, chwaa, akasoma kwa sauti: "Mjukuu wangu Swala, nyama hii usionje. Ni dawa ya kunasa mwizi. Aliyeila, tumbo lake..."

Sauti ikafifia.

"Endelea, Mama Matroni," akasema Tembo.

"...litapasuka saa sita mchana, asipotaja mbele ya watu vyote alivyokula."

Zilibaki dakika tano. Tumbo la Fisi likalia nguruu. Akataja karanga, akataja samaki, akataja karatasi alizozitupa yeye mwenyewe. Saa sita ikapita, bado anataja. Tembo akamfukuza palepale, na Swala akafanya mtihani wake kichwa juu. Nilifurahi mimi!

Hapo nafunika chungu, mwiko nimeshaulamba. Funzo lake, wanangu: mtoto mwema haandiki barua ya uongo. Akiandika, basi mwandiko uwe mzuri, matroni asije akakwama kusoma.