Galla na Taa Isiyopungua

Hapo kale mjini Rumi, tajiri Kotta alikuwa bahili wa kuogopwa hata na panya wake. Mpishi wake, mjakazi Galla, alilishwa mkate mkavu, naye akawa anauchovya kisirisiri katika taa ya udongo ya sebuleni, iliyojaa mafuta ya zeituni.

Siku moja Kotta aliijaza taa hiyo mpaka ukingoni. "Naenda hamamuni," akasema. "Nikikuta imepungua, nakuuza machimboni."

"Na isipopungua, bwana?"

"Utakula nyama mezani pangu!" akajibu kwa kicheko.

Jioni akarudi. "Mbona midomo yako inang'aa?"

"Ni furaha ya kukuona, bwana."

"Mwongo wee!" Akachungulia tundu la taa, akakuta imejaa pomoni. Akachovya kidole, kikatoka na mafuta. Akauwasha utambi, ukawaka vizuri.

"Hata miungu yako imeona," Galla akasema huku akivuta kiti. "Nikatie lile paja la nguruwe, bwana."

Kotta akamkatia huku akisaga meno. Galla alikula mbiombio, bila hata kutafuna sawasawa, maana taa ile alikuwa ameijaza maji, na mafuta kiduchu yaliyoelea juu yake yalikuwa karibu kwisha.