Injini Iliyofungwa na Unyevu

"Ukifunga na unyevu, umefungia kutu." Nimelisema neno hilo asubuhi hii, mama yenu alipowaamuru mshikane mikono yaishe, nanyi mkashikana huku mmoja anatazama ukuta na mwingine anatazama dari. Sasa Nasra ananiuliza maana yake, na Tatu anajifanya hataki kujua lakini masikio yake yako huku. Basi chanzo cha methali hii ni kile kichuma kilicho juu ya kabati langu, ambacho mmezoea kukiita mashine ya bibi.

Ile ni injini ya ndege. Si ndege ya kupanda watu, ni ndege ndogo ya mbao na karatasi, mabawa yake hayafiki hata urefu wa mlango. Babu yenu Semkiwa na rafiki yake Mhina walikuwa mafundi wa karakana katika shamba la mkonge huko Tanga, na mpima ardhi mmoja alipomaliza kazi yake pale aliwaachia injini hiyo wote wawili. Wanaume wazima wenye ndevu wakaanza kuchezea ndege. Kila Jumapili walikwenda kwenye kiwanja cha zamani cha shamba, wakairusha kwa nyuzi mbili za chuma, ndege ikizunguka juu na mrushaji akizunguka nayo katikati mpaka ashikwe na kizunguzungu. Mwanzoni niliwacheka, halafu nikaanza kufuatana nao, na mwishowe mimi ndiye niliyekuwa naiulizia Jumapili.

Injini ile haikutumia petroli. Ilitumia spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na spiriti ya namna ile huvuta maji kutoka hewani. Hewa ya Tanga mnaijua, chumvi hulowa hata ikiwa ndani ya kopo. Kwa hiyo kila walipomaliza kurusha walikuwa na desturi yao. Waliiwasha mara ya mwisho, Mhina akaubana kwa vidole mpira unaopeleka spiriti, na injini ikalamba kilichobaki ndani mpaka izime yenyewe. Hapo Semkiwa alidondosha mafuta ya cherehani, na Mhina akalizungusha pangaboi la mbele polepole ili yaenee. Ni kazi ya watu wawili wanaosimama bega kwa bega, na wao waliifanya huku wanapiga soga. Baada ya hayo ndipo walipoziba matundu yake.

Jumapili ya mwisho kabla ya masika, watu wengi wa shamba walikuja kutazama. Semkiwa ndiye aliyeshika nyuzi. Injini ikazima hewani, ndege ikaanguka na bawa likavunjika. Bawa hilo Mhina alilichonga mwenyewe kwa kisu, kwa uvumilivu ambao hata mkewe hakuwahi kuuona. Akakimbia, akaokota vipande, kisha akageuka na kusema mbele ya watu wote, "Mtu asiyelea hajui kutunza."

Mwaka mmoja nyuma tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, Mwanaidi, kabla hajaanza kutambaa. Kila aliyekuwa pale alijua. Babu yenu akaanza kuzikunja nyuzi. Mimi niliinamisha macho, na mpaka leo nazikumbuka nyasi zilizokuwa miguuni pangu.

Msimamizi wa karakana, mtu mwema asiyependa shari, akaichukua mikono yao akaiunganisha. Akasema wao ni ndugu, bawa litachongwa jingine, yaishe. Wakasema yamekwisha, na watu wakapiga makofi. Ikabaki injini. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na kuimaliza spiriti kungewalazimu kuifunga injini kwenye kipande cha mbao, kuiwasha, na kusimama bega kwa bega. Siku ile hakuna aliyelitaka bega la mwenzake. Basi wakaenda moja kwa moja kwenye kuziba, na waliziba kwa bidii kwelikweli, maana kila mmoja alitaka aonekane hana kinyongo. Walichonga vizibo vya mpira wa kandambili, wakaziba tundu la hewa na la moshi, wakazungushia nailoni na kamba, kisha wakamimina nta ya nyuki juu ya yote. Hata sisimizi asingepenya.

Masika yote wakawa wanasalimiana vizuri, na hilo ndilo lililonitisha. Zamani Mhina akija kwetu alikuwa anaingia mpaka jikoni na kufunua sufuria bila kuuliza. Sasa alipiga hodi, akakaa kiti cha wageni, akashukuru kwa chai. Ikawa Bwana Semkiwa huku na Bwana Mhina kule. Babu yenu akishamsindikiza alikuwa anajilaza na kuupa uso ukuta, na nikimuuliza anasema kachoka.

Mvua zilipokatika tukasikia kwamba Mhina anahamishiwa shamba jingine, mbali, upande wa Morogoro. Nikaogopa. Nilijua wakiagana kwa adabu ile, urafiki wao umekwisha, kwa sababu hakuna mtu anayepanda basi siku nzima kumfuata mwenzake wa kuitana bwana.

Siku chache kabla ya safari Mhina akaja na ndege, ameshaitia bawa jipya. Akaomba wairushe mara moja ya kuagana. Wakaikata nta uani kwangu, na injini kwa nje ilikuwa inameta. Semkiwa akashika pangaboi, halikugeuka. Walipofungua kifuniko cha nyuma waliikuta gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, imekuwa kama uji, na kutu nyekundu imekamata kila kitu ndani. Mhina akachukua koleo ili alilazimishe, babu yenu akamzuia, akisema wangevunja na kile kilichobaki. Dawa ilikuwa kuiloweka katika mafuta ya moto na kusubiri. Wakachukua sufuria yangu nzuri, wala hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo, wakaibandika kwenye jiko la mkaa na kukaa kuitazama.

"Lakini tuliiziba vizuri," Mhina akasema. "Maji yameingilia wapi?"

"Hayakuingia, yalikuwa humo humo," Semkiwa akamjibu. "Siku ile hatukuimaliza spiriti. Ukifunga na unyevu, umefungia kutu."

Yeye alikuwa anasema habari ya injini tu. Lakini mimi nilisikia na yale mengine ya siku ile, nikashindwa kunyamaza.

"Shemeji," nikamwambia Mhina, "siku ile hamkufunga injini peke yake."

Akanitazama. Hakuwa anakumbuka. Nawaambieni kweli, hilo liliniuma kuliko neno lenyewe, kwamba sisi tumelala nalo masika yote na mwenyewe hata hajui kama alilisema. Akamgeukia babu yenu akamuuliza, "Nilisema nini?"

Semkiwa akalisema lote, kama lilivyotamkwa.

Mhina akaweka koleo chini.

"Angelisema mtu mwingine ningelisahau," babu yenu akaendelea. "Wewe ndiye uliyeshuka kaburini ukampokea Mwanaidi kutoka mikononi mwangu. Wewe unajua nilivyomtunza."

Mhina alilia. Hakujitetea kwamba alikuwa na hasira, wala hakulitaja bawa. Alisema, "Najua. Nimekukosea, na shemeji nimemkosea." Kisha akatuuliza jambo ambalo tangu mazishi hakuna aliyethubutu kutuuliza, kwamba mtoto yule alikuwa anapenda nini. Babu yenu akamwambia kuwa Mwanaidi akilia alikuwa ananyamaza akisikia injini hii inawaka. Nilikuwa nimesahau. Tukakaa hapo tukimzungumzia mwanangu, kwa jina lake, mpaka mkaa ukawa majivu.

Kesho yake pangaboi liligeuka. Wakasugua, wakakata gasketi mpya kwenye boksi la viatu, na ndege ikaruka. Haikuwa na nguvu zake za zamani, kwa sababu chuma kilicholiwa na kutu hakirudi. Lakini iliruka, na iliposhuka walisimama bega kwa bega, Mhina akabana mpira, injini ikalamba mpaka ikazima yenyewe, na Semkiwa akadondosha mafuta. Hawakuharakisha hata kidogo. Halafu wakanipa mimi niitunze.

Baba yenu alipozaliwa, Mhina alipanda basi kutoka huko kwake. Aliingia bila hodi, akafunua sufuria kwanza, ndipo akaomba apewe mtoto. Na lile neno la babu yenu lilifika karakanani, likatoka nje, na sasa watu huambiana kwenye usuluhishi wa ndoa na ugomvi wa mipaka, na wengi hawajui kama lilianzia kwenye sufuria yangu.

Haya, ninyi wawili. Mikono mmeshikana, nimeona. Sasa achianeni kwanza. Nasra, sema kilichokuuma, na wewe Tatu usimjibu mpaka amalize tone la mwisho, kisha nawe utasema la kwako. Mama yenu nitamweleza mimi. Ukifunga na unyevu, umefungia kutu.