Sange Amsomesha Fisi Sarufi

Paukwa!
Pakawa!
Niseme nisiseme?
Sema, masikio tumeyatega!

Basi hapo kale aliishi Bi Sange, yule panya wa porini mwenye pua ndefu. Nyumba yake ilikuwa shimo chini ya sakafu ya darasa la tano, na miaka mitatu mfululizo alisikiliza somo la Kiingereza bila kukosa hata siku moja. Akitembea, pua juu. Akila, pua juu. "Panya wako wengi," alijisifu, "lakini msomi ni mimi."

Siku moja Fisi alikuja kuiba ugali jikoni mwa shule. Mguu ukanaswa kwenye kamba ya mtego. Akavuta, wapi! Akavuta, wapi! Akalia, "Uuu-wi! Uuu-wi! Dada Sange, niokoe!"

Bi Sange akamwonea huruma. Akatafuna kamba, kru-kru-kru, kru-kru-kru, mpaka ikakatika.

Fisi akasema, "Thank you." Papo hapo akamkanyaga mkia kwa mkono, ti! "Ugali nimeukosa. Nitakula wewe."

Moyo wa Bi Sange ukadunda, du-du-du. Lakini kilichomuuma zaidi ni kudharauliwa. "Ndiyo shukrani hiyo? Asiyejua hata aina za maneno ndiye wa kumla msomi?"

"Nani hajui?" Fisi akafura. "Mimi niliyekula makombo ya walimu tangu utotoni!"

"Haya, tuone. 'Thanks' ni neno la aina gani?"

Fisi akajikuna kichwa. "Ni jina. Nomino!"

"Sahihi! Na 'thank'?"

"Ni kutenda. Kitenzi!"

"Sahihi! Lakini kitenzi hutendwa, Mzee Fisi. Nani hushukuru huku kamkanyaga mwenzake? Legeza mkono."

Fisi akalegeza, ila ukucha mmoja akauacha juu ya mkia.

"'Thankful'?"

"Kivumishi! Fisi mwenye shukrani!" Kifua kikamtuna. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsifu.

"Sahihi tena! Limebaki moja, na wengi huangukia hapo. 'Thankfully'?"

Fisi akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Kielezi! Hueleza jinsi tendo linavyotendwa!"

"Basi nionyeshe jinsi yenyewe. Inamisha kichwa. Fumba macho. Mikono yote miwili kifuani."

Fisi akainamisha kichwa, akafumba macho, akaweka mikono yote miwili kifuani.

Churrr! Bi Sange huyoo, shimoni!

Fisi akafumbua macho. "Lo!"

"Kihisishi!" sauti ikatoka chini ya sakafu. "Hicho hata sikukuuliza! Umepata tano kwa tano!"

Huko chini Bi Sange aliupuliza mkia wake uliochubuka, akitetemeka na kujisifu kwa pamoja: hakuna mwalimu pale shuleni aliyewahi kumfaulisha fisi.

Na Fisi je? Alitaka kukasirika. Lakini tano kwa tano! Akarudi kwake akitembea kwa maringo, akaita toka mbali, "Mke wangu, nimefaulu!"

"Umetuletea nini?"

"Kielezi!"

Ngano yangu imeishia hapo. Mbichi ni yangu, iliyoiva ni yenu. Na funzo lake, wanangu, ni hili: someni sana sarufi, maana sarufi hushibisha. Asiyeamini akamwulize mke wa Fisi.